Mwezi Kwenye Daftari la Mahudhurio

Nina hasira za karibu. Wanaonijua wananijua hivyo na sijawahi kujificha. Darasani kwangu, wanafunzi wakiona nimevua miwani na kuiweka mezani, kila mmoja alikuwa anakumbuka ghafla kwamba ana daftari la kusoma. Nalisema hili mapema kwa sababu nitakachokieleza si kosa la serikali, wala si kosa la umaskini, ingawa umaskini ulikuwepo. Nilikifanya mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, saa nne asubuhi, mbele ya mtoto wa miaka minane.

Mimi ni mzaliwa wa Simbo. Nimekulia kwenye mihogo, maharage na michikichi. Ziwa nilikuwa naliona tu nikitumwa mjini, na sikuwa na shida nalo. Mvua ndiyo tuliyoihesabu sisi. Nilipomaliza chuo cha ualimu nikapangiwa shule moja ya msingi huku Ujiji, nikapata chumba Kasingirima kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa ameuza dagaa maisha yake yote mpaka magoti yakakataa. Hakusoma hata darasa moja, lakini kwa maneno hakuna aliyemshinda mtaani. Siku ya kwanza alinitazama viatu vyangu akaniambia, "Mwalimu, mchanga wa huku utavila hivyo kabla ya Idi."

Nikapewa darasa la kwanza. Watoto walikuwa zaidi ya mia kwenye chumba kimoja, wanne wanne kwenye dawati la wawili, na wengine chini. Mwenye darasa la namna hiyo anajishikiza kwenye azimio la kazi, ule mpango unaosema wiki hii fundisha hiki, wiki ijayo kile. Mimi nililishika kwelikweli. Irabu kwanza, kisha silabi, mstari mmoja mmoja: ma me mi mo mu, ba be bi bo bu, tukaenda hivyo mpaka mwisho. Nilijivuna kwamba sijawahi kuchelewa hata wiki moja. Wakaguzi walipenda azimio langu, na mimi nilipenda kupendwa.

Mtoto huyo niliyemtaja, msichana, nilimjua kwanza kwa sweta, akiwa bado na miaka saba. Lilikuwa la shule nyingine, kubwa, mikono imekunjwa mara tatu, na lilinuka dagaa. Mama yake alitoka Kagunga, kule karibu na mpaka wa Burundi, akaja Ujiji baada ya kuachana na mume, akawa anafanya kazi ya kuanika dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha. Mtoto alikuwa wa kwanza kuzaliwa. Kiha ndiyo lugha yao nyumbani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuchukua barabarani, lakini alikuwa msemaji, hana woga. Kwenye kuhesabu alinishangaza. Hakuhesabu moja, mbili, tatu. Alihesabu kwa nne nne, maana mama yake alipanga mafungu ya dagaa manne kwa kila mstari, naye akishaona mistari mingapi anakwambia jumla kabla hujamaliza kuuliza.

Chuoni tulikuwa tumefundishwa jinsi akili ya mtoto inavyokua hatua kwa hatua. Tuliambiwa mtoto mdogo ukimmiminia maji kutoka kwenye chombo kipana kwenda kwenye chombo chembamba, atakwambia yameongezeka, kwa sababu anaona yamepanda. Akili bado haijafika pa kujua kwamba maji ni yaleyale. Siku moja nilijisikia nina moyo, nikaleta bakuli na chupa ndefu, nikamimina mbele ya darasa. Nikauliza wapi kuna maji mengi. Darasa zima likapiga kelele, "Chupaaa!"

Yeye akasimama kule nyuma bila kuitwa. "Mwalimu, ni yaleyale. Kisado ni kisado tu, hata ukimwaga kwenye beseni."

Kisado ni kile kindoo wanachopimia dagaa. Mtoto wa miaka saba alikuwa amenijibu jambo ambalo mimi nilikaririshwa chuoni kwa muhula mzima. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Kaa chini, muuza dagaa." Darasa likacheka, naye akacheka pia, kwa sababu alidhani nimemsifu.

Kusoma, hata hivyo, kulimshinda, na kulimshinda kwa namna iliyonitia wazimu. Angekuwa hajui kitu kabisa ningemwelewa. Lakini huyu ungemwekea "Baba analima" akaisoma bila kupumua. Ukimwekea "Kaka analima" anasimama kwenye neno la kwanza, anakutazama, kimya. Nenda neno la pili, analisoma. Rudi la kwanza, kimya. Nilidhani ananifanyia makusudi. Baadaye nikaamini kwamba ana tatizo kichwani, kwamba vitu vinaingia na kutoka. Ofisini kwetu tulikuwa na msemo wetu, tukichekeana wakati wa chai, kwamba watoto wa mwaloni akili zao zimelowa. Sikuuanzisha mimi ule msemo, lakini niliucheka sana.

Tena alikuwa mtoro. Anakuja vizuri wiki mbili, anapotea siku nane, siku kumi, anarudi. Nilikuwa nachapa watoro viboko viwili kila mmoja, na wao walikuwa wanasimama pembeni ya ubao asubuhi. Yeye alikuwa akirudi hangojei kuitwa. Anakwenda kusimama mwenyewe upande wa watoro, ananyoosha mkono, anapigwa, anakwenda kukaa. Sikuwahi kumuuliza alikuwa wapi. Nilijua yuko mwaloni na mama yake. Nilijua na nikaona inatosha kujua. Kuhusu masomo yaliyompita nilimwambia maneno tunayowaambia wote, azime daftari la mwenzake. Mtoto asiyejua kusoma namwambia aazime daftari.

Nikapanda na darasa langu hadi la pili. Mwisho wa mwaka huo watoto wanapimwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na shule inatazamwa kwa matokeo hayo. Yeye kwenye kuhesabu alipata karibu zote. Kwenye kusoma akaanguka vibaya. Nikamwita mama yake.

Alikuja moja kwa moja kutoka mwaloni, beseni kaliacha nje ya mlango, mchanga bado uko miguuni. Mtoto alikuwa amesimama ubavuni kwake, ameshika ncha ya kanga.

"Habari za kazi, mwalimu."

"Si nzuri, mama. Mwanao kichwa chake hakishiki. Nimejaribu miaka miwili. Leo unamwekea, kesho kimevuja."

"Ni ugonjwa, mwalimu? Nimpeleke hospitali?"

"Si ugonjwa. Ni mzito tu. Wengine Mungu kawapa kichwa, wengine kawapa mikono."

Nilikuwa nimechoka, nina rundo la karatasi za kusahihisha, na sentensi ile ilinijia vizuri mdomoni. Nakumbuka niliipenda. Mtoto alikuwa hatazami macho yangu, alikuwa anatazama mdomo wangu, kama wanavyofanya watoto wanaposikiliza silabi mpya. Nilitaka kuendelea, kueleza kwamba atarudia darasa, kwamba tutaona mwakani. Mama hakungoja. Alisema, "Haya mwalimu, nimeshukuru," akainama, akajitwika beseni lake. Alinishukuru, na mimi nikaitikia.

Shule ilipofunguliwa hakuja. Wenzake wakasema amepelekwa Kagunga kwa bibi yake. Nikachukua rula nikapiga mstari juu ya jina lake, nikaandika pembeni "kahama". Nitasema ukweli wote: nilijisikia nafuu. Mmoja alikuwa amepungua.

Miaka miwili ikapita. Tukaambiwa wakaguzi wanakuja na wanataka kumbukumbu za nyuma, nami kama kawaida yangu nikabeba madaftari ya mahudhurio kwenda nayo nyumbani niyapange. Ilikuwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Nilikaa barazani na bibi mwenye nyumba, yeye anachambua mchele kwenye ungo, mimi nimefungua daftari la lile darasa la kwanza. Aliyekuja tunamwekea kistari cha bluu. Asiyekuja tunamwekea sufuri nyekundu.

"Hizi nyekundu ni nini?" akaniuliza.

"Watoro, bibi. Siku ambazo hawakuja."

Akaweka ungo chini, akafuta mikono, akalivuta daftari mapajani kwake. Akapitisha kidole kwenye mstari mmoja, kisha mwingine, polepole. Nikadhani anachezea tu.

"Hawa ni watoto wa mwaloni," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie nini? Si nimeliona? Hapa giza. Hapa mwezi. Hapa giza tena, hapa mwezi." Kidole chake kikaruka kutoka nyekundu hadi bluu, bluu hadi nyekundu. "Mwalimu, umeandika mwezi mzima mzima humu ndani, halafu unauita utoro?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kama mtu anavyomweleza mjinga, na kweli nilikuwa mjinga. Usiku wa giza ndipo mitumbwi inatoka na taa, dagaa wanafuata mwanga, na asubuhi yake wanashushwa wengi kiasi kwamba hakuna mkono unaobaki nyumbani, maana wasipoanikwa mapema wanaharibika. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inalala ufukweni, akina mama wanapumzika na watoto wanakwenda shule. Nilikuwa nimekaa Ujiji miaka mitano na nilikuwa nakula dagaa hao.

"Utajulia wapi, mtoto wa Simbo wewe," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Sijui ni nini kilinituma kuingia ndani kulichukua azimio la kazi la mwaka ule. Labda ni fahari, kwamba nilikuwa nimelitunza vizuri. Nikaliweka kando ya daftari la mahudhurio, nikaanza kulinganisha wiki kwa wiki kwenye mstari wa yule msichana niliyemfuta kwa rula. Wiki ya ma me mi mo mu: bluu. Wiki ya ba na la: bluu. Wiki ya ka ke ki ko ku: nyekundu, siku zote tano. Wiki tatu zilizofuata, za na, ta na wa: bluu. Sa na pa: nyekundu. Nikaendelea mpaka mwisho wa mwaka, na kila mahali ilikuwa hivyo. Silabi nilizofundisha penye mwezi alizijua zote. Nilizofundisha penye giza hakuzijua hata moja, kwa sababu hakuwepo, na azimio langu halikurudi nyuma hata siku moja kumchukua.

Kwa hiyo alikuwa anasoma "baba" na hasomi "kaka". Kichwa chake hakikuvuja. Kila kilichowekwa mle kilikuwa bado kimo.

Kisha nikatazama majina mengine niliyokuwa nimeyakalisha dawati la nyuma, dawati la wazito. Mistari yao yote ilikuwa na nyekundu palepale. Wengi wao walikuja kujua kusoma baadaye kwa sababu walikuwa na dada na kaka wakubwa nyumbani wa kuwafundisha. Yeye alikuwa wa kwanza kuzaliwa na mama yake hajui kusoma. Alikuwa na mimi tu.

Nililia pale barazani. Bibi aliniacha nilie, hakunibembeleza, na nadhani aliona nastahili.

Siku hizi nina kalenda ukutani darasani, nimechora mwezi kwa kalamu, na kila baada ya giza narudia yaliyopita kwa watoto wa mwaloni kabla ya jambo jingine lolote. Viboko vya utoro niliviacha. Walimu wenzangu wamenisifu, na sipendi wanaponisifu kwa hilo.

Ilinichukua karibu mwaka mwingine kupata ujasiri wa kwenda Kagunga. Nilichagua kipindi kile ambacho ziwa hufungwa watu wasivue, nikijua nitamkuta ana nafasi. Nikapanda boti pale Kibirizi asubuhi, katikati ya magunia na madumu ya mawese, na mama mmoja wa Kirundi aliyeniwekea kuku wake miguuni bila kuniuliza. Nilikuwa na kitabu cha kusomea cha darasa la pili kwenye mkoba. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi, na kila nikiyapanga yalikuwa yananifanya mimi nionekane mtu mwema, basi nikaacha.

Kagunga si mahali pa kupotelea. Nikauliza mara mbili nikaonyeshwa ua. Bibi yake na yeye walikuwa wamekaa chini wanamenya mihogo. Alikuwa ameshatimiza miaka kumi na mmoja, amerefuka, sweta hakuna. Alinitambua kabla sijafika. Akasimama, akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Bibi yake nilimwamkia kwa Kiha, akafurahi kusikia lugha yake kwa mtu wa mjini. Kisha akanitazama vizuri. "Mwalimu, umemfuata mpaka huku kuja kumchapa?" Alikuwa anatania. Mimi sikuweza kucheka.

Nikakaa nao, nikamenya mihogo miwili mitatu ili mikono iwe na kazi. Halafu nikatoa kitabu nikamwomba anisomee. Alikipokea kwa mikono miwili. Alisoma, "Baba na mama wanalima," vizuri kabisa, baada ya miaka mitatu bila kushika kitabu. Akafika "Kaka anapika." Akasimama. Akakifunga kitabu taratibu, akanirudishia, bila aibu yoyote, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Hapo ndipo kichwa changu kinapovuja, mwalimu. Ni tangu zamani. Mimi nimepewa mikono."

Maneno yangu yote mawili alikuwa ameyatunza. Nilimwekea silabi miaka miwili nikasema hazishiki, na sentensi moja niliyoitupa nikiwa nimechoka ilikuwa imeshika neno kwa neno.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiha ili asipotee hata neno moja, na bibi yake asikie. Kwamba silabi hizo nilizifundisha siku za giza, yeye akiwa mwaloni anaanika. Kwamba sikurudia. Kwamba kichwa chake hakijawahi kuvuja, mimi ndiye niliyekosa, na nimekuja kumwambia hivyo. Alinisikiliza akitazama mdomo wangu, kama siku ile.

"Usilie, mwalimu," akasema. "Si kitu." Alikuwa ananibembeleza.

Nikaokota kijiti. Ua wao ulikuwa umefagiwa vizuri, udongo laini. Nikaandika ma me mi mo mu, akasoma. Chini yake nikaandika ka ke ki ko ku, nikamsomea ya kwanza tu. Ya pili aliisoma mwenyewe, na ya tatu, mpaka mwisho. Akanitazama. Nikaandika mstari wa sa. Safari hii hakungoja nimsomee zaidi ya sauti ya kwanza. Mstari wa pa, wa fa, wa ga, wa za. Ilipofika cha, sha na nya alinizuia kidogo, akarudia mara tatu nne, akazishika. Bibi yake aliacha mihogo akasogea karibu. Jua lilikuwa bado liko juu ya ziwa tulipomaliza, na nilimpa kitabu tena.

Alisoma ukurasa wote, kuanzia juu mpaka chini. Kaka anapika. Shangazi anacheka. Aliusoma polepole, kidole kikiwa chini ya neno, na alipofika mwisho akaugeuza akasoma unaofuata. Bibi yake akapiga makofi. "Mwana wanje," akasema, mwanangu, mara mbili, akaficha uso kwenye kanga.

Nikamwambia turudi Ujiji. Nikasema nitazungumza na mwalimu mkuu, ataishi kwangu, nitamlipia sare. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Nikakae darasa la pili, mwalimu? Na watoto wa miaka minane?" Akatazama miguu yake mirefu. "Watanicheka. Na bibi nitamwacha na nani?" Mimi sikuwa mtu wa kumlazimisha. Nilimwachia kitabu. Mpaka leo namtumia vingine kila boti inapokwenda kwa mtu ninayemwamini, na nasikia anavisoma.

Kabla sijasimama alikuwa bado anatazama udongo. Alikuwa anaihesabu ile mistari aliyokuwa haijui, kwa namna yake ileile ya zamani, kidole kikienda nne, nne, mmoja. Ilikuwa tisa.

"Ni hizi tu, mwalimu?"

"Ni hizo tu."

Akaitazama tena, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Nilidhani ni nyingi," akasema.

Kisha bibi yake akataka kuanika mihogo, naye akachukua ufagio akaanza kufagia ua.